Uni ya Westlands, Nuni ya Busia

Rafiki yangu alipopandishwa cheo alituita watu wanne kwenye mkahawa wa sushi pale Westlands, akasema yeye ndiye analipa, tuagize bila kuangalia upande wa bei. Mimi niliangalia. Kitu ghali kuliko vyote kwenye ukurasa kilikuwa na jina la herufi tatu tu: uni. Kikaletwa kwenye sahani nyeusi. Madonge mawili ya wali yaliyozungushiwa ukanda wa mwani, na juu yake kitu laini cha rangi ya embe bivu, mfano wa ulimi wa paka. Mhudumu akatueleza kwa upole kwamba huyo ni mnyama wa baharini, mviringo, mwenye miiba kama nungunungu, na kwamba kinacholiwa ndani yake ni viungo vya uzazi.

Meza ikanyamaza. Mmoja wetu akarudisha vijiti chini.

Mimi nilicheka, na kilichonichekesha ni jina. Nimekulia Busia, upande wa Kenya, hatua chache kutoka Uganda, na utotoni nilisikia wachuuzi wa ng'ambo wakiulizia nuni. Si uni, nuni. Hawakuwa na habari na nungunungu wa baharini. Walikuwa wanatafuta kile sisi tunachokiita bondo, na ukitaka kujua mambo ya vyakula ghali vya majini, bana, hapo ndipo pa kuanzia.

Uni niliila. Chumvi kwanza, halafu utamu kama wa maziwa ya mtindi ambayo hayajachacha sana, halafu ikayeyuka kabla sijaamua kama naipenda. Nikala na ya yule aliyeweka vijiti chini. Lakini nikiwa kwenye matatu kurudi nyumbani kitu kikaanza kunikera. Nimetoka mahali ambapo moja ya vyakula vya bei mbaya kabisa duniani hupita kwenye magunia kila wiki, na nilikuwa sijawahi kukionja. Wala simjui mtu wa Busia aliyewahi.

Tuanze na kitu chenyewe. Bondo ni mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, chini ya uti wa mgongo. Samaki huujaza au kuupunguza hewa ili akae kwenye kina anachotaka bila kuhangaika. Kwa mbuta, yule ambaye Watanzania wanamwita sangara na Waganda mputa, mfuko huo ni mkubwa na mnene. Akivutwa haraka kutoka kwenye kina kirefu, hewa hutanuka mpaka tumbo linavimba. Ukiutoa, ukaupasua, ukaosha damu na mafuta, ukauanika, unapata kigae cha rangi ya asali, kigumu kama pembe. Hicho kigae ndicho kinachopanda ndege.

Safari yake huishia Hong Kong na miji ya kusini mwa China. Kule bondo huhesabiwa pamoja na jongoo bahari, abaloni na pezi la papa: vitu vinne vya majini ambavyo mtu huweka mezani akitaka wageni waelewe kwamba hakubahatisha maisha. Hulowekwa usiku kucha au zaidi, kisha huchemshwa polepole pamoja na kuku. Mama aliyejifungua hupewa supu yake. Wanaojali ngozi zao huinywa pia. Na kuna wasiolila kabisa; wanalifungia kabatini miaka na miaka, kwa sababu bondo kubwa la zamani hupanda bei kama ploti ya Kitengela.

Watu wa pwani yetu wanaijua hadithi hii, maana jongoo bahari wa Waswahili amekuwa akipelekwa China tangu zamani huku wenyewe wakimruka ufukweni. Na upande wa pili wa dunia, Mexico, kuna samaki aitwaye totoaba ambaye bondo lake lilitamaniwa hivi kwamba uvuvi wake ulipigwa marufuku mwaka 1975. Nyavu za magendo bado zinamtafuta, na zimekaribia kumaliza mnyama mwingine kabisa, vaquita, binamu mdogo wa pomboo anayenaswa tu kwa bahati mbaya. Mnunuzi anayekosa totoaba huangalia kwingine penye samaki mkubwa, na Ziwa Victoria lina samaki mkubwa.

Hapa pana kichekesho kidogo, kwa sababu mbuta mwenyewe si mwenyeji. Alikuwa wa Nile na Ziwa Albert. Miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni wa idara ya samaki, Uganda, walitaka kumtia Ziwa Victoria ili ale furu, vile visamaki vidogo vyenye mifupa ambavyo Mzungu aliviona havina faida, avigeuze kuwa nyama kubwa ya kuuza. Wanasayansi waliokuwa Jinja walibishana. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akionya kwamba samaki wa aina hiyo akiingia hatatolewa tena. Ila tayari alikuwa ameshaingia: miaka mingi baadaye mtumishi mmoja Mwafrika wa idara ile ile alikuja kusimulia kwamba aliamriwa kumwaga mbuta ziwani kule Jinja mwaka 1954, kimya kimya. Mwaka 1962 na 1963 wakamwagwa wengine, safari hii waziwazi.

Kwa karibu miaka 20 hakuonekana sana. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Aina za furu kwa mamia zikapotea. Ngege, ambaye wazee wa Samia na Bunyala wakimtaja hufumba macho kidogo, akawa wa kusimuliwa. Mwanzoni watu hawakumpenda mbuta. Alikuwa na mafuta mno, na hakuingia sufuriani. Halafu viwanda vikaja Kisumu, na baadaye Uganda na Mwanza, vikapata watu wa kumpenda mbali: minofu kwenye barafu hadi Ulaya na Israeli. Kilichobaki, kichwa na mifupa yenye nyama ya kubahatisha, tukakiita mgongo wazi, tukakikaanga na kukila. Mtu yeyote wa umri wangu aliyekulia magharibi ya Kenya ana mgongo wazi kwenye damu yake. Ulaya ilipofunga mlango kwa hofu ya kipindupindu mwaka 1998, na tena mwaka 1999 kwa sababu ya sumu ya kuvulia, ndipo ile minofu yenyewe iliteremka bei mpaka ikafika kwenye sahani zetu. Nakumbuka tukila samaki asiye na mifupa na kuona kama kuna kitu kinakosekana.

Halafu kuna mpaka. Hadi mwaka 1902 Busia yote ilikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakahamisha mkoa mzima kwa kalamu, na bibi wa bibi yangu akalala Uganda akaamka kwenye nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya. Amri ya mwaka 1926 ikachora mstari kutoka ziwani, ukaingia kwenye mdomo wa mto Sio na kupanda hadi Mlima Elgon. Kenya ikabaki na kama asilimia 6 ya ziwa. Uganda ina asilimia 43, Tanzania 51. Ndiyo maana samaki wengi wanaouzwa Busia hawakuvuliwa Kenya, na ndiyo maana watu wanaweza kukunjiana mashati juu ya Migingo, jiwe lililojaa mabati katikati ya maji. Omena wa Busia ni mukene aliyebadilisha jina akivuka barabara. Bondo la Busia, mara nyingi, ni nuni iliyofanya vivyo hivyo, kwa lori lenye karatasi zake au kwa njia za panya.

Magendo kwetu hayakuanzia hapo. Baridi kali ilipoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na wakulima wa Uganda ya Amin walikuwa wanalipwa kwa karatasi isiyonunua chumvi. Kahawa yao ikahamia Kenya usiku, kwa punda, kwa baiskeli, kwa vichwa vya watu, hasa kupitia Chepkube, juu kidogo ya Malaba. Mwaka 1976 na 1977 watu walitajirika kule kwa wiki. Babu yangu alibeba magunia mawili matatu, akanunua ng'ombe. Nilimuuliza mara moja kama walikuwa wanaonja ile kahawa. Akanitazama kama nimemuuliza kama alikuwa anakula sementi. Walibeba kahawa, wakirudi nyumbani wakanywa chai.

Nafikiri hilo ndilo lililonikera kwenye matatu. Mpaka unakufundisha bei ya kila kitu: ya sukari leo asubuhi, ya petroli ng'ambo, ya mahindi kabla na baada ya mvua. Ladha ni kazi ya watu wengine.

Senge, dada mdogo wa baba, alikuwa anauza samaki soko la Busia kabla mimi sijaanza shule. Anasema zamani bondo lilikuwa la anayepasua samaki, kama malipo ya kuchafuka mikono. Wengine waliwatupia mbwa. Sisi watoto tulikuwa tukilipuliza kama puto, mambo ya kunuka mdomo siku nzima. Halafu wakaanza kuja vijana wa baiskeli, wale wale ambao kelele zao za boda, boda zilikuja kuipa jina biashara nzima ya Afrika Mashariki, wakiwa na mifuko ya plastiki na sarafu. Mwanzoni walinunua kwa idadi, baadaye kwa kilo. "Ilikuwa takataka ya kwanza kunilipa," Senge husema.

Ya nini? Hilo lilikuwa swali la soko zima. Wanunuzi walisema ni nyuzi za hospitali, za kushonea watu waliopasuliwa. Hiyo ndiyo iliyoshika. Mpaka leo utaisikia kutoka Busia hadi Homa Bay. Wengine walisema ni gundi, wengine mipira ya kinga, na hapo wanawake wa soko walikuwa wakicheka hadi kulia. Kulikuwa hata na jamaa aliyesema Wazungu wanatia kwenye bia, akaonekana mlevi, kumbe huyo ndiye aliyekuwa karibu na ukweli: bondo lililoyeyushwa limetumika miaka mingi na watengenezaji bia wa Uingereza kuvuta machicha yatulie chini, glasi ing'ae. Wanywaji wa busaa, ambayo hunywewa na machicha yake kwa mrija, hawakuwa na sababu ya kumwamini.

Lakini hakuna aliyesema ni chakula.

Senge alikuja kuingia kwenye biashara hiyo kwa miguu miwili miaka ya 2000. Yeye na wanawake wawili wa chama walikusanya akiba, wakaweka na pesa za karo ya binamu yangu, wakanunua mabondo mabichi kidogo kidogo kwenye fuo za Bunyala, wakayaanika juu ya mabati ya nyumba yake pale Marachi. Miezi minne. Gunia likajaa. Siku ya kuuza, mnunuzi aliyeletwa na dalali akamwaga gunia chini, akaanza kupanga. Makubwa huku, madogo kule. Akanyanyua moja, akaliangalia dhidi ya jua, akaona kivuli cheusi cha damu ambayo haikuoshwa vizuri, akalitupa kando. Jingine lilikuwa na unyevu katikati, jingine limekunjamana. Senge alikuwa ameyakausha kama mtu anayekausha kuni. Mwishowe yule mtu akatoa bei ya daraja la chini kwa gunia zima, achukue au aache. Karo haikurudi. Binamu yangu alikaa nyumbani mihula miwili.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hasira ya Senge ilikuwa kwa yule mnunuzi. Juzi nilipomuuliza vizuri aliniambia kitu kingine. "Mwanangu, mimi ni mtu wa jikoni. Angeniambia ni chakula, ningejua cha kuangalia. Nani anaacha damu kwenye chakula? Lakini uzi wa hospitali, mimi nitajuaje uzi wa hospitali mzuri unafananaje?"

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo. Ule uongo wa nyuzi huenda haukutungwa na mtu yeyote kwa makusudi. Huenda hata vijana wa baiskeli waliuamini. Ila ulifanya kazi yake. Bondo moja kubwa na bondo kumi madogo yenye uzito sawa hayana bei sawa hata kidogo, kwa sababu mezani Hong Kong watu wanataka kuona kipande kinene. Anayejua hilo anachagua ufukweni. Asiyejua anapima kwa kilo na kushukuru. Kwenye miji ya wavuvi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ukitaka uni unapewa bakuli la wali lililofunikwa nayo pale pale karibu na bandari, na ni vigumu kumdanganya mvuvi wa huko juu ya uni nzuri, maana ana ulimi. Sio Port unaweza kukaa mwaka mzima usione supu ya bondo kwenye hoteli hata moja.

Baada ya ule mkasa Senge alihamia Malaba. Ni mwendo mfupi, lakini ni mji tofauti. Busia ni ya watu wa miguu na baiskeli. Malaba ni ya reli na malori, foleni ya magari ya mafuta na makontena ya Mombasa yanayoelekea Kampala, Kigali na Kongo, na madereva wenye njaa. Akafungua kibanda cha mabati, anakaanga mbuta na kupika ugali. Yupo hapo hadi leo.

Mwezi uliopita nilishuka Busia kwanza. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe mwaka 2018 mambo ya karatasi yamekuwa mepesi, lakini bondo bado huuzwa kwa sauti ya chini. Nikampata jamaa mmoja, nikamwambia nataka moja tu, dogo.

"Unapeleka wapi?"

"Nakula."

"Unakula pesa?" Akacheka, akawaita wenzake waje wanione. Akaniuzia kipande cha ukubwa wa kiganja kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Nikanunua na kuku mmoja, nikapanda gari la Malaba.

Senge alilipokea lile bondo kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudishiwa barua aliyoiandika zamani. Akaliinua dhidi ya balbu. "Hili limeoshwa," akasema. Tukaliloweka usiku kucha. Asubuhi lilikuwa limevimba, jeupe, linanuka ziwa kidogo. Akalimwaga maji mara tatu, akalikata vipande, akaviweka kwenye supu ya kuku iliyokuwa imeshachemka saa nzima na tangawizi na kitunguu. Mimi nilikuwa na maelekezo kwenye simu. Hakuyataka. Alikuwa anachoma kipande kwa uma kila baada ya muda, anakirudisha, anapunguza moto.

Sasa, ladha. Ukweli ni kwamba bondo lenyewe halina ladha kubwa. Linakunywa ladha ya kuku. Raha yake iko kwenye meno na ulimi. Linateleza, halafu linashika, halafu linaachia. Fikiria mishipa ya supu ya miguu iliyopikwa hadi ikakata tamaa, halafu uchanganye na ule mvutano wa mrenda. Mtu aliyezoea chipsi na kuku wa kukaanga anaweza kuogopa. Mluhya aliyelelewa na mrenda hana cha kuogopa hapo. Uni ya Westlands ilinitoroka mdomoni kabla sijaifahamu, hii ilikaa. Midomo yangu ilishikana kwa utomvu wa supu, na nilikula polepole, jambo ambalo mama yangu angekwambia si kawaida.

Senge alikula kimya kipande cha kwanza, na cha pili. Kwenye cha tatu akatikisa kichwa.

"Hii ni mrenda iliyosoma," akasema.

Akauliza Wachina wanaila na nini. Nikamwambia wali, wakati mwingine, au supu peke yake. Akasema wanakosea, inataka ugali. Akasonga ugali wa mtama na muhogo, tukaanza upya, na alikuwa sahihi. Akauliza lile la ukubwa wa sinia, kama yale aliyowahi kuyaona kwenye gunia lake, lingepikwa muda gani. Nikasema labda mara mbili ya hili. Akahesabu kwa vidole, sijui alikuwa anahesabu nini, mkaa au miaka.

Saa saba madereva wakaanza kuingia. Mmoja, wa lori la Kampala, mteja wake wa siku nyingi, alipita mbuta wa kukaanga akaja moja kwa moja kwenye sufuria ndogo iliyokuwa kando ya jiko, akainua kifuniko.

"Maama, hii nayo ni nini? Inanukia."

Senge akachukua kifuniko mkononi mwake, akakirudisha juu ya sufuria.

"Hiyo imeisha," akamwambia, na haikuwa imeisha.